Kulala kwa familia kijijini Vietnam: mliofika, naombeni uzoefu

Binti_Pangani

Habarini za jioni, na shikamooni mnaostahili.

Mimi na rafiki yangu tunakwenda Vietnam mwishoni mwa mwezi wa tisa. Begi la mgongoni tu, hakuna kampuni ya utalii. Hanoi tutapita, ila safari yenyewe ni ya kupanda milimani kaskazini na kulala kwenye nyumba za watu, tule wanachokula, tuamke wanapoamka. Nimeingia mtandaoni nikatoka na kizunguzungu. Nyumba ni nyingi mno, kila moja inajiita ya familia, na kila moja imeweka picha ya bibi mwenye kilemba anacheka.

Sasa mashaka yangu. Wote wawili ni wanawake na ni Waislamu, mimi navaa hijabu. Nguruwe hatuli, pombe hatunywi, na nasikia kule kitimoto ndiyo mboga na gongo ndiyo maji. Tukikataa tutaonekana tunaringa? Kulala inakuwaje, chumba chetu au ukumbini na ukoo mzima? Tubebe zawadi gani? Bei? Lugha hatujui hata salamu.

Na kuna jingine ambalo labda mtanicheka. Kwetu mgeni hatoki bila kula, na hakuna anayemwandikia bili. Kule mgeni nitakuwa mimi, nitalala chini ya paa la mtu, nitakula sufuria yake, halafu asubuhi nifungue pochi. Kunanitia haya. Mliolala kwenye nyumba hizo niambieni: unakuwa mgeni au mteja?

Ujiji_Hanoi

Karibu sana dada. Mimi niko huku kimasomo. La bili nawaachia wakubwa, mimi nakupa la simu. Nunua laini ya Viettel, na uende na pasipoti kwa sababu bila kusajiliwa hupewi. Ni kampuni ya jeshi lao, na ndio hao hao wenye Halotel yetu nyumbani. Milimani inashika vizuri. Ukimwambia mzee wa kijijini unatoka Tanzania huenda asijue ni wapi, lakini mwambie Viettel wapo kwetu, utaona anavyokusogezea kiti.

Buja_Moja

Na Lumitel yetu Burundi ni yao pia. Mwambie huyo mzee tunamsalimu.

Mkorosho_Newala

Marahaba bibie.

Mimi kazi yangu korosho. Ghafi yetu ya Mtwara nyingi inavuka bahari kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na ndiyo iliyonifikisha huko mara ya kwanza, kusini, Bình Phước, ambako harufu ya maganda unaisikia hadi barabarani. Biashara ikiisha sikai mjini, napanda gari la kaskazini. (Tahadhari ya ramani: Julai 2025 wameunganisha mikoa, kutoka 63 imebaki 34. Bình Phước imeingia Đồng Nai, Hà Giang imeingia Tuyên Quang, Bắc Kạn imeingia Thái Nguyên. Midomoni mwa watu majina ya zamani bado yapo.)

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Bei kule haina aibu kwa sababu haijifichi. Imebandikwa ukutani, au mama mwenye nyumba anaiandika kwenye simu na kukuonyesha. Godoro na chandarua huwa kati ya dong 100,000 na 200,000 kwa mtu, chakula cha jioni kama 100,000 hadi 150,000. Kwa hesabu ya haraka futa sifuri moja upate shilingi ya Tanzania, hutakosea sana. Fedha hiyo kwao ni zao la shamba la pili na imeshapangiwa kazi: bati, pikipiki, mahitaji ya mtoto aliye shule mjini. Mimi kubembeleza bei ndiyo riziki yangu, lakini pale nanyamaza na kulipa.

Kinachokugeuza mteja ni saa unayofika. Wengi wanafika saa moja usiku, wamechoka na pikipiki, mkeka umeshatandikwa. Wanakula, wanapiga picha, wanalala, alfajiri hao. Familia imehudumia, imeosha vyombo, basi. Wewe fika saa tisa, ikizidi sana saa kumi alasiri. Muda huo mboga ndiyo inatoka bustanini na kuku ndiyo anafukuzwa uani. Tua begi, kunywa chai ya kijani utakayopewa (kikombe kidogo, chungu, na sukari usiiulizie), halafu fuata kisu kinakogonga kibao. Utafukuzwa jikoni. Rudi. Ukifukuzwa tena, chuchumaa uanze kumenya vitunguu saumu, hakuna atakayekunyang'anya. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale liombe mwenyewe jioni ya kwanza.

Ninapopasemea mimi ni Pác Ngòi, kijiji cha watu wa kabila la Tày kando ya Ba Bể, ziwa kubwa la asili kuliko yote nchini mwao, kama kilomita 240 kutoka Hanoi. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo. Zamani chini walifunga nyati, siku hizi utakuta pikipiki, kuni, na kuku wanaozozana. Viatu vinabaki chini ya ngazi. Juu ni ukumbi mmoja mrefu wa mbao, na mwisho wake jiko, ambalo lina meko ya kuni juu ya sakafu hiyo hiyo ya mbao, imewekewa tabaka la udongo isiungue. Juu ya moto kuna kichanja cha kukaushia: vipande vya nyama vyeusi kwa moshi, mahindi ya mbegu, vikapu. Mama wa nyumba aliniwekea rundo la machipukizi ya mianzi na kisu. Akanionyesha kwa mkono wake, unapasua ganda kwa urefu, unalizungusha, linatoka lote mara moja. Tukaendelea hivyo, yeye hajui Kiswahili mimi sijui cha kwao, mpaka mama mkwe wake alipokuja kukaa mbele yangu na kuuliza swali ambalo nanyi mtaulizwa kabla ya jina: una miaka mingapi?

Msiudhike. Baada ya umri yanafuata umeoa au umeolewa, watoto wangapi, wazazi wapo? Wasipojua umri wako hawajui wakuiteje, kwa sababu kila mtu huitwa kwa cheo cha ukoo: kaka anh, dada chị, mdogo em, bibi bà. Amekuzidi kidogo ni dada, amemzidi mama yako ni shangazi mkubwa. Mzungu hapo anahangaika. Wewe uliyelelewa na shikamoo utakwenda nao bila kufundishwa.

Mkekani sasa. Wadogo huwakaribisha wakubwa kabla ya kugusa chakula, mmoja mmoja, kwa hiyo usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Bakuli la wali linapokewa kwa mikono miwili. Vijiti vya kulia usivichomeke wima kwenye wali, hivyo ndivyo ubani unavyochomekwa kwa marehemu. Utatiliwa minofu bakulini bila kuulizwa, na kila ukimaliza utaongezwa, basi ukishiba acha kumaliza haraka.

Gongo ipo, ndiyo. Ni ya mahindi, na sisi tuliokua karibu na mitambo ya nipa haitushtui. Desturi ya milimani ni kugonganisha vikombe, kumeza, halafu kupeana mikono, kila duru. Wewe jaza chai, gonga, nywa, toa mkono. Sijaona aliyelazimishwa baada ya hapo, na wanawake ndiyo kabisa hawabanwi. Usinywe duru ya kwanza "kwa heshima tu", maana ukishakunywa moja huna tena sababu ya kukataa ya saba. Kuna na mtemba mrefu wa mwanzi wanaovutia tumbaku kupitia maji. Huo nakushauri uutazame kwa mbali.

Kulala: ukumbini, magodoro sakafuni, kila moja na chandarua chake, mara nyingi na pazia la kitambaa katikati. Kuna madhabahu ya mababu, yenye picha na ubani. Usiielekezee miguu unapolala wala usitundike nguo karibu nayo. Semeni mnataka kulala upande wa wanawake, wataelewa na watawapanga. Blanketi lipo, ila mito ni migumu. Jogoo anaanza saa kumi usiku, na vijiji vingi vina vipaza sauti vya serikali vinavyotangaza habari na muziki alfajiri. Beba pamba za masikio.

Kuchagua nyumba: hesabu magodoro kwenye picha. Yakizidi kumi na mbili, hiyo ni gesti. Tazama kama wageni wa nyuma wametaja waliokula *pamoja na* wenye nyumba au waliopikiwa. Na nyumba ya bustani ya maua na bembea ya kupigia picha, pita.

Kunguru_wa_Nairobi

Mzee wangu umesema vizuri, lakini wacha nimwage maji kwa moto. Mimi nililala kijiji kimoja karibu na Sa Pa. Kibaoni "homestay", mitandaoni "familia". Nilipofika, magodoro thelathini hivi, baa, na vijana wa kuajiriwa. Mwenye nyumba anakaa mjini. Chakula kililetwa kwa meza ya wageni, spring roll na chips, familia haionekani hata kivuli. Njiani watoto wadogo wanakuandama na bangili: nunua kwangu, nunua kwangu. Mimi naona haya mambo ya kuishi na wenyeji ni maigizo yanayouzwa. Heri ulipe hoteli ujue moja.

Mkorosho_Newala

Kaka Kunguru, sikubishii uliyoyaona. Bonde lile la Sa Pa limepokea watalii miaka mingi, na penye hela nyingi anaingia mwenye mtaji, anakodi nyumba ya mtu wa kabila la Hmong au Giáy, anaweka mameneja. Wenyeji wanabaki wapagazi na waongozaji. Ndiyo maana mimi nasema Ba Bể, au Pù Luông kule Thanh Hóa kwa watu wa kabila la Thái, au vijiji vya Hoàng Su Phì vilivyo mbali na barabara kuu. Huko nako biashara ipo, ila mwenye nyumba ndiye anayekupikia na mwanawe ndiye anayekuendesha.

Lakini nikatae hilo la maigizo. Mama wa Pác Ngòi ananipikia kwa sababu nalipa, na ananicheka ninavyokaa kwa sababu nachekesha. Yote mawili ni kweli usiku mmoja. Mke wangu anauza maandazi na anawapenda wateja wake, wengine anawajua hadi magonjwa yao. Hakuna anayemwambia anaigiza.

Watoto wa bangili: msinunue, hata wakilia. Mamlaka za Sa Pa zenyewe zinawaomba watalii wasinunue kwa watoto, kwa sababu mtoto anayeuza vizuri anaachishwa shule. Nunua kwa mama yake.

Kunguru_wa_Nairobi

Hapo kwa maandazi umenishika. Lakini bembea nilipanda.

Mama_Kizingo

Ukhti Pangani, assalaam alaykum. Wanaume wameongea, sasa sikiza la jikoni, maana mtego si nyama. Nyama ya nguruwe unaiona na unaikwepa. Mtego ni mafuta. Milimani mboga za majani, mayai, hata tofu, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, meupe, yamegandishwa kwa chupa au kopo. Mwenyewe anakwambia "hakuna nyama" na kwa ukweli wake hakuna.

Nilivyofanya mimi: sokoni nanunua chupa ya mafuta ya mimea na samaki, naingia nazo nyumbani, nampa mama kwa mikono miwili. Hapo nimepeleka zawadi na nimemaliza mjadala. Halafu kwa karatasi (au simu) namwonyesha maneno haya, nakili hivi hivi na alama zake:

*Tôi không ăn thịt lợn, không ăn mỡ lợn, không uống rượu.*

Yaani sili nguruwe, sili mafuta yake, sinywi pombe. Ukishuka kusini pahala pa *lợn* weka *heo*, ndivyo wasemavyo kule. Neno jingine la kukuokoa ni *luộc*, kuchemsha tu. Mboga luộc, mayai luộc, viazi luộc. Samaki wa kuchoma ni *cá nướng*, na hapo Ba Bể aliposema mzee samaki wa ziwani ni watamu mashaallah. Kuku utapewa kwa moyo mweupe, lakini wa kuchinja kwa bismillahi hayuko, kwa hivyo mimi nashika samaki. Na haya yote uyaseme siku unapoweka nafasi, si wakati sahani iko mkekani. Mama ameamka kukupikia, halafu unamrudishia sahani mbele ya mumewe? Hapo ndipo unapoonekana unaringa.

Choo hutasumbuka. Wenzetu wana mpira wa maji kando ya choo karibu kila mahali, hata kijijini. Mimi niliyezoea kubeba kopo Ulaya nilifurahi sana.

Swala: beba mswala wako, kwa sababu mbwa wanaranda nyumba nzima. Omba pembe isiyo mbele ya madhabahu yao. Nilikuwa naashiria, naweka kiganja kwa kifua, natandika mswala, basi bibi wa nyumba alikuwa akiwanyamazisha wajukuu mpaka nitoe salamu. Qibla ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Wudhu chukua mapema, kaskazini maji ya asubuhi yanauma.

Hijabu nayo ndiyo ilinifungulia milango. Wanawake wa huko wenyewe wanafunga vichwa. Wadao Wekundu, watu wa milimani huko Tả Phìn karibu na Sa Pa, wana vilemba vyekundu vikubwa, na hunyoa nyusi kwa desturi zao. Walinivua ushungi chumbani (wanawake watupu, tulifunga mlango) waone nimeufungaje, wakanifunga wa kwao, tukacheka mpaka mbwa wakabweka. Nywele zako zitashikwa pia. Rangi yako itasifiwa na itashangaliwa, wengine watasugua mkono waone kama inatoka. Kama siku hiyo huna moyo wa hayo, sema hapana na utabasamu, hawalazimishi.

Mkipata nafasi ya kusini, msiache vijiji vya Wacham wa An Giang, ng'ambo ya mto kutoka Châu Đốc. Hao ni Waislamu wenzetu. Nilitoa salamu kizani kwenye ngazi ya nyumba ya nguzo, nikajibiwa kamili. Wanaume na kofia na saruni, msikiti wa Mubarak hapo hapo, mchuzi wa nyama ya ng'ombe na soseji zao za ng'ombe ziitwazo *tung lò mò*. Siku hizo kula kwangu hakukuwa na maswali. Na Hanoi yenyewe msikiti uko Hàng Lược, mtaa wa mji mkongwe, mwanzishe safari na Ijumaa hapo.

Zawadi: leso! Khanga mnaziita nyinyi. Nyepesi, haivunjiki, na bibi anayejua kufuma atakupa heshima yake kwa kuigeuza aone upande wa pili. Na picha ya karatasi ya familia yako, maana wataulizia mama yako na utachoka kuashiria. Peremende kwa watoto usigawe.

Binti_Pangani

Mama Kizingo, mafuta ya nguruwe nisingeyawaza kabisa, Allah akulipe. Mzee Mkorosho, nimesoma maelezo yako kwa sauti, mwenzangu anasema yeye atamenya vitunguu, mianzi niachiwe mimi.

Bado mawili. Nyumba nyingine zinaomba picha ya pasipoti kabla hata hatujafika, hilo ni salama? Na mwisho wa mwezi wa tisa si mvua?

Ujiji_Hanoi

La pasipoti ni sheria. Mwenye nyumba anayelaza mgeni wa nje lazima aandikishe polisi ndani ya saa 12, na sehemu za mbali saa 24. Anatuma jina, namba na viza. Kwa hiyo mpe aandike au apige picha mbele yako, kisha pasipoti irudi mfukoni kwako. Kutuma kwa mtu usiyemjua wiki mbili kabla, mimi situmi. Namwambia nitakupa nikifika, na hakuna aliyenikatalia.

Jambo moja linafuatana na hilo. Mnaweza kukutana na mtu njiani, akawapenda, akasema njooni mlale kwangu bure. Hata huyo anapaswa kuwaandikisha. Akipiga simu kisha akarudi anajikuna kichwa na kusema haiwezekani, si kwamba amewachoka. Karibu na mpaka wa China polisi wako makini zaidi.

Viza ombeni ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Tangu 15 Agosti 2023 inatolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kuingia mara moja na 50 kuingia mara nyingi. Kuna tovuti chungu nzima zinazofanana nayo na zinatoza mara tatu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mbebe.

Mvua: mwisho wa Septemba mpunga wa ngazi za milimani unakuwa umeiva, Mù Cang Chải na Hoàng Su Phì ni manjano tupu, ndio msimu mzuri kwa macho. Lakini vimbunga vya baharini navyo havijaisha. Septemba 2024 kimbunga Yagi kilileta mafuriko na maporomoko ya udongo Lào Cai na Yên Bái, na kijiji kiitwacho Làng Nủ kilifukiwa. Kwa hiyo mwenye nyumba akisema leo barabara msiipande, msipande. Wekeni siku mbili za akiba kwenye ratiba, na msilipie nyumba zote kabla.

Pikipiki mnaendesha wenyewe?

Binti_Pangani

Mwenzangu anaendesha hapa Tanga, leseni anayo ya Tanzania tu.

Ujiji_Hanoi

Basi asiendeshe huko. Ya kwetu peke yake haitambuliki, wanataka na ya kimataifa ya mkataba wa Vienna wa 1968, na njia za Hà Giang polisi wanasimamisha wageni. Mbaya zaidi ni bima: ukianguka bila leseni inayokubalika hulipwi. Kodini vijana wa huko muwapande nyuma, wanajua kona zote, na kijijini ndio wakalimani wenu. Waulizeni mapema kama bei yao ina chakula na malazi yao ndani, maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Mkorosho_Newala

Kwa Ba Bể pikipiki hamhitaji, kuna basi. Stendi ni Mỹ Đình, Hanoi, ulizieni gari la Chợ Rã, ndio mji mdogo karibu na ziwa. Mkifika hapo mama wa nyumba atawatumia kijana wake awachukue. Mkikuta gari ni la vitanda, viatu mnavua mlangoni na konda anawapa mfuko wa plastiki wa kuvitilia. Ombeni vitanda vya chini, mbele. Nyuma kabisa kuna kitanda kimoja kipana mnachopangwa watu watano, na abiria hutapika sana kwenye zile kona.